Uzi: Wiki nne kati ya kuvuna na kupanda. Kipi kianze, kipi kisubiri?

Jembe Butu

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa kile kipindi ambacho mazao yameshatoka shambani na mvua za msimu unaofuata hazijaanza. Mara nyingi ni mwezi mmoja, na wengi huupoteza kwa mpangilio mbaya wala si kwa uvivu. Mtu anaanza na kufyeka mpaka na kurekebisha uzio, wiki ya nne ndiyo anakumbuka mboji.

Mimi nazigawa kazi kwa swali moja: hii inakula siku au inakula mikono? Inayokula siku haiharakishwi hata ukileta watu kumi. Mboji, miche, majibu ya udongo kutoka maabara, kupima uotaji wa mbegu, kuotesha magugu ili uyaue: hizo zote ziguswe ndani ya siku tatu za kwanza. Kunoa majembe, kusafisha bomba la kunyunyizia na kupima kontua (mistari ya usawa ya kukinga maji mteremkoni) vinakula mikono, kwa hiyo vinaingia kwenye nafasi zinazobaki.

Naanza na udongo, kwa sababu maabara ndiyo humchelewesha mtu kuliko kitu kingine. Pita shambani kwa mwendo wa zigizaga, chukua udongo sehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 0 hadi 20. Kwanza kwangua majani juu, chimba kishimo chenye ukuta wima, halafu kata kipande chembamba cha ukuta huo kuanzia juu hadi chini. Ukichota juu juu utapata majibu ya samadi ya mwaka jana. Changanya kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati iliyopakwa zinki itakudanganya kwenye kipimo cha zinki, na mfuko uliowahi kubeba mbolea utakudanganya kwenye vyote. Tandaza, gawa mafungu manne, tupa mawili yanayotazamana, changanya tena, rudia mpaka ibaki kama nusu kilo. Anika kivulini, usikaushe kwa moto.

Ruka penye kichuguu, chini ya miti, ulipochoma takataka na zizi lilipokuwa. Kama shamba lina bondeni na mlimani, hizo ni sampuli mbili.

---

Mgeni wa Shamba

Asante mkuu. Chokaa je? Nikiimwaga leo, mwezi unatosha?

---

Mchambua Udongo

Hautoshi kumaliza kazi, ila unatosha kuianza. Chokaa ya kilimo, ile ya kupunguza asidi ya udongo, hufanya kazi polepole na inahitaji unyevu. Iliyosagwa laini kama unga huwahi, yenye chembe kubwa huchelewa sana. Changanya na udongo mpaka kina cha sentimita 15, maana ikibaki juu, mizizi ya chini haionji kitu.

Mambo mawili huharibika hapa. La kwanza ni kukisia kiasi. Shamba la kichanga na la mfinyanzi yakiwa na pH ileile (kipimo cha asidi, ikishuka asidi imepanda) hayahitaji kiasi kimoja: mfinyanzi hula chokaa nyingi zaidi. Subiri maabara ikuambie. La pili ni kumwaga chokaa pamoja na urea, mbolea ya amonia au samadi mbichi. Naitrojeni inageuka gesi na kwenda zake. Ile harufu kali inayochoma pua ndiyo hela yako. Chokaa itangulie, mbolea ije wiki kadhaa baadaye.

Kama pH haijashuka chini ya 5.5, usikimbilie chokaa. Chini ya hapo ndipo alumini inapoanza kuyeyuka kwenye udongo na kudumaza mizizi.

---

Jembe Butu

Sasa mboji. Mwezi unatosha ikiwa tu utatengeneza ile ya joto, inayoiva kwa siku 18 hivi. Ya kurundika na kusahau itachukua miezi.

Lundo liwe angalau mita 1 kwa mita 1, kimo mita 1 au zaidi kidogo. Dogo kuliko hapo halitunzi joto. Makavu (mabua, majani makavu, nyasi kavu) ndoo 2 kwa mabichi ndoo 1 (magugu mabichi, samadi mpya, majani ya mikunde). Mabua mazima hayaozi ndani ya mwezi. Katakata vipande vya sentimita 2 hadi 5. Hii ndiyo sehemu inayochosha na ndiyo watu huiruka, halafu wanalalamika kwamba mboji ya siku 18 ni uongo.

Maji: nyunyiza kila tabaka. Chota konzi moja, kamua kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu, sawa. Yakichuruzika, yamezidi. Kiganja kikibaki kikavu, ongeza.

Siku 4 za mwanzo usiliguse. Kisha lipindue kila baada ya siku 2: kilichokuwa nje kiende ndani, cha ndani kije nje. Ingiza chuma kirefu katikati, kiache dakika 5, kichomoe na ukishike. Kisiposhikika, lundo liko vizuri. Unatafuta nyuzi joto 55 hadi 65 za Selsiasi. Likizidi 70 vijidudu vinavyofanya kazi huanza kufa, kwa hiyo pindua na uongeze maji.

Likikataa kuwaka, pua ndiyo inakupa jibu:
- Harufu ya amonia: mabichi yamezidi, ongeza makavu.
- Harufu ya yai viza: maji yamezidi, hewa hakuna. Pindua, changanya makavu.
- Hakuna harufu wala joto: ama ni kavu, ama ni dogo, ama halina naitrojeni. Anza kwa kumwagia maji, ukiona kimya weka samadi mbichi.

---

Kiganja Kikavu

Naongezea hapo kwa ndugu Jembe. Lundo kupoa si dalili kwamba mboji imeiva. Chota konzi yenye unyevu, funga kwenye mfuko wa nailoni siku 3. Ukifungua ukakuta harufu chachu au ya amonia, bado. Ikinukia udongo baada ya mvua, imeiva. Mboji isiyoiva ukiichanganya kwenye shimo la mbegu huunguza mizizi michanga na kuinyang'anya naitrojeni.

Na ndago, lile gugu sugu, usiziweke kabisa. Vile viazi vyake vikiangukia pembeni ya lundo pasipopata joto, utavisambaza shamba zima wewe mwenyewe.

---

Mama Kitalu

Wanangu, mmesahau miche, na mwezi ndio muda wake hasa. Kabichi hukaa kitaluni wiki 4 hadi 5, nyanya wiki 4 hadi 6. Ukisia siku ya kwanza, miche iko tayari udongo wa shambani ukipata maji. Vitunguu ni wiki 6 hadi 8, kwa hiyo kama hujasia mpaka leo umeshachelewa. Tafuta miche kwa mtu.

Tuta liwe na upana wa mita 1 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga, kimo sentimita 15. Mistari iachane sentimita 10 hadi 15, mbegu kina cha sentimita 1, nyembamba nyembamba. Kusia kwa msongamano ndiko kunakoleta kinyausi: mche unanyong'onyea usawa wa udongo, shingo inakuwa nyembamba kama uzi, unalala. Wengi hudhani ni kiu na kuongeza maji, ndipo linapoanguka tuta zima. Kinyausi kinapenda maji. Mwagilia asubuhi ili jioni uso wa udongo uwe umekauka, punguza miche, punguza kivuli hewa ipite.

Trei za zamani zioshe kwanza udongo wote utoke, halafu loweka kwenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, dakika 30, suuza, anika. Ukiloweka zikiwa na matope, dawa inaishia kwenye matope.

Siku 7 hadi 10 za mwisho zoesha miche: ondoa kivuli hatua kwa hatua, punguza maji. Kunyauka kidogo saa saba mchana si tatizo. Ukiukuta mche bado umenyauka asubuhi, umeutesa.

---

Mgeni wa Shamba

Mama, shikamoo. Mbegu nilizotunza mwenyewe nitajuaje kama bado nzima?

---

Mama Kitalu

Marahaba mwanangu. Hesabu mbegu 100 bila kuchagua. Ukichagua nono unajidanganya. Zipange kumi kumi kwenye kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, viringisha, simamisha ndani ya mfuko uliofungwa kwa ulegevu, weka penye joto la kawaida pasipo jua. Hesabu ya kwanza ya mahindi ni siku ya 4, ya mwisho siku ya 7. Maharage siku ya 5 na ya 9. Kabichi ya 5 na ya 10. Nyanya ya 5 na ya 14. Pilipili ya 7 na ya 14, hizo usizikatie tamaa mapema.

Hesabu iliyotoa mzizi na chipukizi vyote viwili. Iliyovimba tu, au yenye mzizi uliokatika, haihesabiwi.

Ikiota 80 kati ya 100 na unataka miche 100, panda 125: gawanya idadi unayotaka kwa 0.8. Ikishuka chini ya 50 usijaribu kufidia kwa kupanda nyingi, kwa sababu hata hizo zinazoota huwa dhaifu na udongo ukipata baridi hazitoki. Hapo tafuta mbegu nyingine, na ndiyo maana kipimo hiki ni cha wiki ya kwanza na si ya nne.

---

Kiganja Kikavu

Kabla ya kufungia mbegu au nafaka, pima unyevu kwa chumvi. Chupa ya kioo kavu yenye mfuniko, chumvi laini uliyoikausha juani au kwenye kikaango. Jaza nafaka theluthi moja ya chupa, weka chumvi vijiko vikubwa 2 hadi 3, funga, tikisa dakika 2 hadi 3, iache itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Ikianguka chini yote, uko chini ya 15.

Hapo ndipo wengi wanapokosea: chini ya 15 hakumaanishi tayari. Mahindi ya kutunza yanatakiwa yasizidi 13. Ukiona chumvi haikunata, anika tena siku nzima ya jua kali juu ya turubai ndipo ufunge. Ukifungia nafaka yenye unyevu kwenye mfuko usiopitisha hewa, utaua fukusi na utapata ukungu. Na ukishafunga, usifungue fungue kuchungulia, maana kinachowaua wadudu ni kukosa oksijeni.

---

Ndago Sugu

Naomba tuzungumzie magugu. Dawa kwa mwezi huu ni kufunika kwa nailoni angavu, jua liyapike. Ni rahisi, haina kemikali, na inapunguza hata minyoo ya mizizi.

---

Mchambua Udongo

Mkuu, ni kweli lakini kwa masharti. Inataka wiki 4 hadi 6 za jua kali. Udongo ulainishwe, usawazishwe, uloweshwe mpaka kina cha sentimita 30, kwa sababu udongo mkavu haupitishi joto vizuri. Nailoni angavu yenye unene wa maikroni 25 hadi 50 ilale imegusana na udongo, kingo zizikwe sentimita 15. Ukiacha mifuko ya hewa joto linabaki juu.

Kama mwezi wenyewe ni wa mawingu, usifanye. Utakuwa umeyajengea magugu nyumba ya joto. Nailoni nyeusi huua magugu kwa giza, ila udongo haupati joto kama chini ya angavu. Na ndago zinabaki hata baada ya hilo jua, samahani kwa jina lako.

Kwa watu wengi njia ya bei rahisi ni kuyahadaa. Andaa tuta kana kwamba unapanda kesho. Mwagilia lita 20 kwa mita moja ya mraba. Subiri siku 10 hadi 14 magugu yaote, kisha yakwangue siku ya jua, kina kisizidi sentimita 3. Rudia mara ya pili kama siku zinaruhusu. Ukichimba kwa kina unaleta juu mbegu mpya zilizokuwa zimelala, na kazi yote inaanza upya. Hilo ndilo kosa moja linaloua njia hii.

Kwa shamba kubwa lisilo na maji, sahau zote mbili. Hakikisha tu hakuna gugu linalofikia kutoa mbegu.

---

Ndago Sugu

Nimekubali kuhusu mawingu. Niongeze kuhusu maotea, yale mazao yanayojiotea baada ya kuvuna. Watu huyaonea huruma, "si yatatupa mboga". Hayo ndiyo daraja la wadudu na virusi kuvukia msimu mpya. Virusi vingi vya mimea vinahitaji mmea hai na mdudu wa kuvibeba. Ng'oa yote wiki 2 hadi 3 kabla ya kupanda, pamoja na magugu yanayofanana nayo, ili wadudu wakose pa kukaa. Ukiyang'oa siku unapopanda, wadudu watahamia kwenye miche yako jioni hiyohiyo.

---

Mgeni wa Shamba

Na mabua? Nichome, nifukie au niache?

---

Jembe Butu

Acha juu kama matandazo. Ukiyafukia makavu, vijidudu vinavyoyaozesha vinachukua naitrojeni ya udongo na mazao yako yanaanza msimu yakiwa ya njano. Ukiyachoma, naitrojeni na salfa vinapaa na moshi. Mabaki ya mmea wenye ugonjwa wa mnyauko au uozo ni suala jingine, hayo yatoke shambani.

Halafu kuna wanaouliza mbolea ya kijani, yaani kupanda mmea ili uufukie udongoni. Kwa mwezi mmoja siishauri. Mmea haujafikia wingi wa maana ndipo unaufukia, na ukiufukia mbichi unatakiwa usubiri wiki 2 kabla ya kusia, la sivyo mbegu zinaoza. Hesabu siku uone kama zinatosha.

---

Tupa na Mpini

Nasubiri zamu ya vifaa tu. Wengine mtaongea jembe, mimi naomba niongelee bomba la mgongoni, maana hapo ndipo dawa inapozidishwa au kupunguzwa bila mtu kujua.

Kwanza nozeli, ile ncha inayotoa dawa. Pampu kwa nguvu ya kawaida, kinga maji yanayotoka kwa dakika 1 kwenye chombo chenye vipimo. Linganisha na nozeli mpya ya aina ileile. Ikizidi kwa asilimia 10, imelika, badilisha. Iliyoziba isafishe kwa maji na brashi laini kama ya meno. Waya au msumari hupanua tundu, na kuipuliza kwa mdomo ni kujilisha sumu.

Kisha upime mwendo wako. Pima eneo la mita 10 kwa 10. Jaza bomba maji matupu hadi alama, nyunyiza eneo lote kwa mwendo utakaotumia kazini, rudi, jaza tena hadi alama ileile ukipima unachoongeza. Tuseme umeongeza lita 2.5. Hekta ni mara 100 ya eneo hilo, kwa hiyo unatumia lita 250 kwa hekta. Bomba la lita 20 linamaliza mita za mraba 800, yaani hekta 0.08. Lebo ikisema lita 1 ya dawa kwa hekta, bomba moja linapata mililita 80. Ule mtindo wa "vifuniko viwili" hauna hesabu yoyote ndani yake.

Ukiongeza mwendo au ukibadili nozeli, pima upya. Na bomba la kiuagugu liwe lake peke yake. Masalia kidogo ya kiuagugu cha 2,4-D yanatosha kupindapinda majani ya nyanya.

Majembe kwa kifupi: tupa ya kunolea inakata ikisukumwa mbele, inyanyue ukirudi. Noa upande mmoja, ukifuata mteremko uliokuwepo, pembe ya nyuzi 25 hadi 30 hivi. Ukali kama wa wembe hupinda kwenye jiwe la kwanza.

---

Kiganja Kikavu

Wenye mteremko, mwezi huu ndio wa makinga maji, ardhi iko wazi unaiona. Fremu ya A inatosha: miti miwili ya mita 2 iliyofungwa juu, miguu iachane mita 2, kijiti cha kukingama katikati, uzi wenye jiwe ukining'inia toka juu na kupita kijiti.

Usiamini macho kuweka alama ya usawa kwenye kijiti. Simamisha miguu kwenye vigingi viwili, weka alama uzi unapogusa kijiti. Geuza fremu, mguu wa kushoto uende kulia, kwenye vigingi vilevile. Weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa, hata kama miguu yako hailingani. Usifanye siku ya upepo.

Kontua ya kushika maji ni usawa mtupu. Mfereji wa kutoa maji unahitaji mteremko mdogo: funga kibao cha sentimita 1 chini ya mguu wa upande maji yanakoelekea, utapata nusu asilimia. Zaidi ya hapo maji yanaanza kuchimba.

---

Mgeni wa Shamba

Swali la mwisho. Mvua ikiwahi, tuseme wiki ya tatu, niache nini?

---

Jembe Butu

Mboji ambayo haijaiva usiifukie, itandaze juu, mbali kidogo na mashina. Mfereji uliobaki nusu, malizia mdomo wa kutokea maji kwanza; mfereji usio na mdomo huvunja kingo zake mvua ya kwanza. Kuhadaa magugu kwa mara ya pili achana nako.

Ila usikimbilie kulima siku mvua iliponyesha. Chukua udongo wa kina cha sentimita 10 hadi 15, finyanga donge, bonyeza kwa kidole gumba. Likivunjika, lima. Likibonyea kama udongo wa mfinyanzi wa vyungu, rudi nyumbani, ukalinganishe nozeli za Tupa na Mpini.

---

Tupa na Mpini

Na ukirudi, bomba lilale kichwa chini, mfuniko wazi. Maji yakibaki ndani, nozeli iliyofanya kazi vizuri leo inaziba wiki ijayo.